Sahani Zilizohama Kiti

Mgahawa wa Kwa Babu una watu wa aina mbili: wanaoapa kwamba hawajawahi kunywa supu kama ile tangu wazaliwe, na wanaoapa kwamba hawatakanyaga pale tena. Wifi yangu yumo katika kundi la pili, ingawa hajawahi kuingia. Mkwe wangu yumo katika kundi la kwanza, na yeye pia hajawahi kuingia. Jumamosi ile niliwachukua wote wawili, nikamwongeza binti yangu, tukaenda kula chakula cha mchana. Lakini sikufuata supu. Nilikwenda kumpima mume wangu akili.

Niseme mapema kwamba mimi ni muuguzi. Nimestaafu, lakini macho hayastaafu. Nimeongoza wodi ya wanaume miaka ishirini na miwili, na mtu akinipita barabarani najua kama vidonda vya tumbo vinamsumbua au ni viatu tu vinambana. Kwa hiyo nikikuambia kwamba nilikuwa na hofu, ujue si hofu ya mtu anayebahatisha.

Mume wangu ni mhudumu wa Kwa Babu kwa mwaka wa thelathini na nne sasa. Wenzake wanamwita Mzee Kichwa kwa sababu kila kitu kinakaa kichwani mwake. Kwa Babu hakuna kalamu ukumbini. Mhudumu anasimama pembeni mwa meza, mikono nyuma, anasikiliza watu wanne au wanane wakiagiza, wakibadili mawazo, wakiulizana, kisha anainamisha kichwa na kwenda zake. Jikoni anataja: meza fulani, moja hiki, mbili kile, tatu kile kingine. Wapeleka sahani wanabeba, wanamwekea kila mtu chake, na hawaulizi. Kuuliza "samaki ni wa nani?" mle ndani ni aibu kuliko kummwagia mteja mchuzi. Inasemekana babu mwenyewe, aliyeanzisha mgahawa, aliwahi kumfukuza mtu kwa swali hilo, akamrudisha kazini kesho yake kwa sababu alikuwa shemeji yake.

Hiyo ndiyo sifa iliyoujenga mgahawa, na hiyohiyo ndiyo iliyoanza kuuchafulia jina. Kwa miezi mitatu sahani zilikuwa zinakwenda kombo. Aliyeagiza kuku analetewa samaki, asiyekula nyama anawekewa mbavu mbele yake. Maneno yakaenea. Gazeti moja likaandika kwamba Kwa Babu siku hizi unaagiza kwa mdomo na kuletewa kwa bahati. Na kwa utaratibu wa nyumba ile, sahani ikipotea kosa si la aliyeibeba, ni la aliyepokea oda. Mume wangu ndiye mwenye meza zote za katikati, za watu wanne kwenda juu. Meza za wawili wawili kule dirishani anazo mhudumu mgeni, na huko hakukuwa na malalamiko. Basi lawama zote zikamwangukia yeye.

Siku ya kwanza alirudi nyumbani akicheka. Wiki ya tatu hakucheka. Mwezi wa pili, siku yake ya mapumziko, nilimkuta jikoni mchana amepanga vikombe vinne mezani. Alikuwa anaizunguka meza huku midomo ikicheza: moja, mbili, tatu, nne. Nikasimama mlangoni, hata hakunisikia. Moyo ulinishuka hadi kwenye kandambili. Wodini nimewaona wanaume wenye akili zao wakianza hivyohivyo, leo jina la mtu, kesho njia ya kurudi nyumbani.

Nikafanya ninachojua kufanya. Niliandika vikaratasi kwa herufi kubwa, nikabandika kila mahali: SUKARI, CHUMVI, VIKOMBE, FUNGUO. Ndivyo tulivyowafanyia wagonjwa wa aina hiyo. Aliponiuliza nikamwambia ni kwa ajili ya mjukuu. Mjukuu wetu wa kwanza alikuwa bado yumo tumboni mwa mama yake. Mume wangu alivitazama vile vikaratasi kimoja kimoja, akasema, "Sawa, Sista." Bila kumwambia, nikamwekea miadi kwa daktari wa kumbukumbu; nafasi ya karibu ilikuwa Jumanne moja ya mwezi uliofuata.

Ananiita Sista tangu tulipokutana wodini, yeye amevunjika mguu na mimi nimemnywesha dawa isiyo yake. Hilo nitalieleza nikipata ujasiri.

Alhamisi ya kabla ya miadi hiyo bosi alimwita. Bosi ni mjukuu wa yule babu, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, aliyeachiwa mgahawa baba yake alipofariki. Aliufunga wiki mbili, akapaka rangi, akabadili mapazia, akahamisha hiki na kile, akaajiri wapeleka sahani wapya kwa sababu wa zamani wote walikimbilia hoteli iliyofunguliwa mtaa wa pili. Si mtu mbaya. Alimketisha mume wangu, akamwambia kwa upole: "Mzee wangu, Jumamosi mchana nitasimama ukumbini mwenyewe. Sahani moja tu ikipotea, Jumapili unahamia mlangoni kupokea makoti na miavuli."

Mume wangu alinisimulia hayo huku akifunga kamba za viatu ambavyo vilikuwa vimeshafungwa.

"Makoti nayo ni kazi ya heshima," akasema.

Hapo nikajua amekata tamaa, maana miaka yote hiyo sijawahi kumsikia akiyasifu makoti. Nikaingia chumbani, nikapiga simu Kwa Babu, nikaandikisha meza ya watu wanne kwa jina la wifi. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Kama ni ugonjwa, nitauona, na nitampeleka kwa daktari bila kupepesa macho. Na kama si ugonjwa, basi kuna mtu atanieleza ni nini.

Jumamosi tulichelewa kutoka kwa sababu nilitafuta funguo robo saa nzima. Zilikuwa mkononi mwangu. Wifi alicheka njia nzima.

Wengine wanasema Kwa Babu kumechakaa, wengine wanasema kumetulia. Mimi naona vyote viwili ni kweli. Viti ni vizito kiasi kwamba ukitaka kusogea unaomba msaada. Vitambaa vya meza vimepigwa pasi hadi vinasimama vyenyewe. Ukiingia kutoka barabarani, macho yanakutana na dawati la kuandikishia wageni, na ukutani juu ya dawati kuna saa kubwa ya mbao yenye kengele inayogonga kila robo. Mkwe wangu alisimama mbele ya saa ile kwa adabu zote, karibu aivulie kofia. Yeye ni fundi wa mafriji. Marehemu baba yake aliwahi kula nyama ya kondoo pale mara moja tu, akaisimulia kwa miaka kumi na mitano.

"Leo nakula kondoo wa Baba," akasema.

"Utakula ukiletewa," wifi akamjibu. "Halafu hiyo sufuria yao ya supu, nasikia haijawahi kuoshwa tangu huyo babu aoe."

"Ndiyo utamu wenyewe, Shangazi."

Tulipewa meza ya sita, katikati kabisa. Mkwe alikaa akiwa ameupa mgongo ukuta wa jikoni. Mimi nilikuwa kushoto kwake, binti yangu kushoto kwangu, akitazamana na mumewe, na wifi akafunga mduara, nyuma yake dawati na ile saa. Bosi alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, amekunja mikono. Nilimtambua kwa jinsi alivyokuwa anahesabu sahani kwa macho.

Kisha mume wangu akaja. Koti jeupe nililolitia wanga mwenyewe asubuhi, mikono nyuma, mgongo umenyooka. Mle ndani mhudumu hana ndugu, nao ni utaratibu wa babu. Alinitazama kana kwamba hatujawahi kuonana, na mimi nikamtazama kana kwamba hakuniachia nusu ya mkate na nusu ya blanketi asubuhi ileile.

"Karibuni Kwa Babu. Mheshimiwa, karibu. Bibi, karibu."

Wifi aliuma leso yake. "Kaka yangu kaniita Bibi," akaninong'oneza. "Mama angesikia, meno ya bandia yangemtoka."

Tuliagiza. Mkwe akaomba kondoo kwa sauti ya mtu anayekula kiapo. Mimi samaki wa kuoka. Binti yangu kuku wa kuchoma, kisha akasema hapana, samaki, kisha akarudi kwa kuku, maana mimba inamchezesha. Wifi akaagiza maini, "yakiwa yapo, na yakiwa ya mwaka huu." Mume wangu aliinamisha kichwa. Nilimkazia macho kama ninavyomkazia mgonjwa anayesema yuko sawa. Jicho limetulia. Mkono hautetemeki. Hakurudia maneno wala kutafuta neno. Nikajiambia, mbona huyu ni mzima? Lakini wodini pia kuna wanaoonekana wazima hadi saa sita.

Tukiwa tunasubiri, sahani za meza ya jirani zikatoka. Walikuwa wanne, mwanamume mwenye upara, mkewe, na wageni wao wawili. Mpeleka sahani, jamaa wa makamo mwenye masharubu, aliziweka kwa madaha, hii hapa, hii pale, akaondoka bila kuuliza. Wale wanne wakatazama sahani, wakatazamana.

"Mimi niliomba supu," mwenye upara akasema, na hakusema kwa sauti ndogo.

Mume wangu alifika mbio, akaomba radhi, uso umemshuka. Bosi alikunjua mikono, akaikunja tena. Imekwisha, nikawaza. Sahani moja ilitosha, na hapa zimepotea nne. Nikaendelea kutazama kwa sababu ndicho nilichokuja kufanya.

Na kwa sababu niliendelea kutazama, nikaona. Wale wanne waliamua kujirekebishia wenyewe. Mwenye upara akampa sahani yake mkewe, aliyekaa kushoto kwake. Mke akampa yake mgeni wa kushoto kwake. Mgeni akampa mwenzake wa kushoto, na huyo akamkabidhi mwenye upara supu yake. Sahani nne zikazunguka meza kwa upande mmoja, hatua moja tu, na kila mtu akaanza kula kwa amani.

Nikaweka glasi chini.

Mtu anayesahau anasahau ovyo. Huyu anampa dawa ya yule, yule anampa ya jana, mwingine hampi kabisa. Sijawahi kuona ugonjwa unaokosea kwa nidhamu kiasi hicho, kila sahani kiti kimoja, wote upande uleule.

Sahani zetu zikaletwa na yuleyule mwenye masharubu. Kondoo akatua mbele ya wifi. Samaki wangu akatua mbele ya mkwe. Kuku wa binti yangu akatua mbele yangu. Binti yangu, ambaye tangu utotoni akisikia harufu ya maini anatoka nje, akawekewa maini.

"Mama, jamani," akasema, mkono puani.

Mkwe alimtazama kondoo wa baba yake mbele ya wifi. Wakaanza kunyoosha mikono kubadilishana.

"Msiguse sahani!" nikasema kwa sauti yangu ya wodini. Hata meza ya jirani waliweka vijiko chini.

Hapo ndipo nilipokumbuka ile dawa, na sasa nitaieleza. Wodi yangu ya kwanza ilikuwa na vitanda ishirini, kumi kila upande. Vilihesabiwa kuanzia mlangoni, kushoto kwako unapoingia, unazunguka hadi unarudi mlangoni. Nilifanya kazi humo mwaka mzima, hesabu ikaniingia miguuni. Kisha mafundi wakaziba mlango ule na kufungua mwingine upande wa pili wa chumba. Hesabu ikaanza kule. Tuliambiwa, tukaitikia, mimi mwenyewe nilisaidia kusogeza kabati la dawa. Asubuhi iliyofuata daktari aliandika kwamba namba tisa, ambaye hakupata choo siku sita, apewe dawa ya kuendesha tumbo, kipimo kikubwa. Nikaibeba moja kwa moja hadi kitanda ambacho miguu yangu ilikijua kuwa namba tisa. Kwa hesabu mpya kilikuwa namba kumi na tisa. Alikuwa amelala kijana mmoja aliyevunjika mguu, tumbo lake zima kabisa, na bandeji ya plasta hadi kiunoni. Aliinywa yote kwa sababu muuguzi alimwambia anywe. Yaliyofuata sitayaandika. Kijana yule akanisamehe, akaniposa, na tangu siku hiyo mimi namwita Namba Tisa.

Nikainua mkono. Bosi akaja mwenyewe, uso umejiandaa kuomba radhi, mume wangu nyuma yake, na mwenye masharubu naye akasogea.

"Binti yangu," nikamwambia bosi, "radhi yako iweke kwanza. Nataka kuuliza swali moja." Nikamgeukia mwenye masharubu. "Ndugu, usiogope. Kwenye meza hii, namba moja ni nani?"

Alimtazama bosi, kisha akamwelekezea wifi kiganja. "Ni huyu mama. Ndiye aliyeipa saa mgongo. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Nani aliwafundisha?"

"Mimi," bosi akasema. "Ni utaratibu wa babu. Aliyeipa saa mgongo ni namba moja, kisha unazunguka kwa kushoto kwake. Kila mtu hapa anaujua."

"Vizuri sana. Na wewe, mhudumu. Namba moja ni nani?"

Mume wangu alikuwa amesimama mikono nyuma, macho kwenye kitambaa cha meza. Hakufikiri hata kidogo. Alimwonyesha mkwe wangu.

"Ni huyu Mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Ameipa saa mgongo, Bibi."

Nyuma ya mkwe wangu kulikuwa na ukuta wa jikoni, umepakwa rangi mpya ya maziwa, mtupu kabisa. Na kama vile ilikuwa inasubiri zamu yake ya kuzungumza, saa ikagonga robo, nyuma ya wifi.

Mume wangu akageuza kichwa taratibu. Akaitazama saa. Akautazama ukuta mtupu. Akaitazama saa tena.

"Ngazi niliishika mimi," akasema. "Siku walipoihamisha, ngazi niliishika mimi mwenyewe."

Bosi aliweka mkono mdomoni. "Nilitaka wageni waione wakiingia tu," akasema. "Mzee wangu... kumbe oda zako zote zilikuwa sawa."

"Zote zilikuwa sawa," nikasema, na sikujali utaratibu wa babu wala wa nani. "Yeye anahesabu kuanzia ukuta wa miaka thelathini na nne, ninyi mnahesabu kuanzia ukuta wa miezi mitatu. Kichwa chake hakina tatizo. Miguu yake tu ndiyo haikuambiwa."

Furaha iliyonijaa siwezi kuipunguza wala kuipamba. Nilitaka kupanda juu ya kile kiti kizito. Mume wangu ni mzima! Nilimtazama nikasahau kwamba hatujuani.

Bosi akaanza, "Mzee wangu, nisamehe, nilikutia aibu bure," lakini mume wangu akainua kiganja.

"Bosi, hapa mhudumu haombwi radhi mbele ya wateja. Wateja ndio wanaoombwa." Akakunja kiuno kidogo kuelekea kwa mwenye upara. "Na naona meza ya nane wameshakaa."

Meza ya nane walikuwa watu wanane, familia nzima inayozungumza kwa wakati mmoja, na bibi mmoja aliyebadili oda mara tatu. Mume wangu alifika pale, akanyanyua macho akaitazama saa mahali ilipo, akasogea robo hatua, ndipo akaweka mikono nyuma. Sikuweza kula. Walipoleta, mwenye masharubu na mwenzake waliweka sahani nane moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja iliyopitishwa kwa jirani. Yule bibi alionja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaendelea na habari zake. Nililia kidogo juu ya kuku asiye wangu, na sioni haya kusema.

Nilipogeuka, kondoo wa wifi alikuwa amebaki mfupa.

"Wewe!" nikamwambia.

"Ulisema tusiguse sahani," akajibu, akijifuta mdomo. "Sikugusa sahani. Na hili kosa naomba lisirekebishwe." Alimeza, akasita, akasema kwa sauti ya chini mtu asije akamsikia: "Wifi, hii nyama ni hatari."

Bosi alimletea mkwe kondoo mwingine kwa mkono wake. Mkwe alikula amefumba macho hadi mwisho, na tulimwacha.

Bosi akataka pia kuirudisha saa ukuta wa jikoni siku hiyohiyo. Mume wangu alikataa. "Ikirudi, hawa wapya nao watapotea," akasema. "Iache. Miguu yangu itajifunza." Bosi akacheka kwa mara ya kwanza tangu tuingie, na akamwambia makoti yamtafute mtu mwingine.

Mwisho kabisa mume wangu alikuja na sinia. "Bibi, chai au kahawa?"

"Chai, tafadhali."

Akanimiminia. Kisha akaweka kando ya kikombe glasi ndogo ya maji na kijiko.

"Na hii ni nini?" nikauliza.

"Dawa ya kitanda cha kumi na tisa, Sista," akasema, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na nne akavunja utaratibu wa babu, akacheka ndani ya ukumbi.

Alipomaliza zamu tulirudi nyumbani pamoja, jua bado liko juu. Akavua lile koti, akanipa nikaliloweke, akakaa sebuleni kuvua viatu. Mimi sifui nguo bila kupekua mifuko, nimeshaokoa kalamu zangu nyingi za wodini kwa njia hiyo. Kwenye mfuko wa ndani, upande wa moyo, ambao siku zote naukuta mtupu, nilikuta karatasi iliyokunjwa na kuzungushiwa selotepu isije ikalowa. Ni mwandiko wake, herufi kubwa, zimenyooka:

*Nikionekana sijui ninakokwenda, tafadhali mpigieni mke wangu. Yeye ananiita Namba Tisa.* Chini yake, namba yangu ya simu.

Nikatoka nayo sebuleni.

"Hii uliandika lini?"

Aliitazama. Hakujaribu kuificha. "Siku ulipobandika ile ya sukari," akasema. "Mimi nilidhani ni uchovu tu. Lakini nikasema, Sista anajua magonjwa. Kama Sista ameona, basi ugonjwa upo."

Miezi yote ile nilikuwa nahesabu makosa yake, na hofu aliyotembea nayo kifuani ilitoka kwangu. Kwa mara ya pili maishani nilikuwa nimempa dawa isiyo yake, na kwa mara ya pili aliinywa yote kwa sababu muuguzi ndiye aliyempa.

Nikakaa kando yake, nikamshika mkono. "Nisamehe, Namba Tisa. Na Jumanne nilikuwa nimekuwekea miadi kwa daktari. Nitaifuta."

"Najua. Karatasi ya miadi uliiacha juu ya friji." Akauminya mkono wangu. "Nimekusamehe. Angalau safari hii dawa yako haikuniendesha."

Nikaichana ile karatasi ya mfukoni vipande vinne, nikaenda jikoni kubandua ya sukari. Ilikuwa imeshika kweli, ikabidi nitumie kucha. Nikabandua ya chumvi, nikabandua ya vikombe.

"Ya funguo iache," akaniitia kutoka sebuleni. "Hiyo unaihitaji wewe."